Wasifu wa Marehemu Leodgar Petero Niyibizi, Mfunga Koki wa Mtaa wa Mnarani

Baba Paroko, mwenyekiti wetu wa mtaa, wanajumuiya, na majirani wa Mnarani wa chini na wa juu, poleni kwa msiba na poleni kwa kutembea juani. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya marehemu. Aliyestahili kusimama hapa ni mwanawe, Adolf, lakini alipofika kutoka Mbeya aliniambia, "Shangazi, andika wewe. Mimi baba namjua wa likizo tu." Waliochapa ratiba hii walinitaka nipunguze maneno kwa sababu karatasi haitoshi. Nikawaambia waongeze karatasi.

Marehemu Leodgar Petero Niyibizi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954 katika kijiji cha Heru Juu, wilaya ya Kasulu, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa Mzee Petero Niyibizi na Mama Agnesi. Watoto watatu wa katikati walifariki wakiwa wadogo, wawili kwa surua na mmoja kwa homa ambayo hakuna aliyetuambia jina lake. Wakabaki Leodgar na kitinda mimba, Melania, waliopishana miaka saba. Melania huyo ni mimi. Nilipanga kujitaja kwa mbali, kama wafanyavyo wasomaji wengine wa wasifu, lakini mtaa mzima unanijua na unayajua yaliyotokea, kwa hiyo nitasema mimi.

Kule kwetu nyumba ziko mlimani na maji yako bondeni. Marehemu alianza kuteka maji akiwa na miaka sita. Mama alikuwa akitusimulia kwamba siku moja, akiwa amebakiza hatua chache tu kufika mlangoni, mtoto aliteleza na mtungi ukavunjika. Mama hakumchapa. Alikaa kizingitini akayatazama maji yakizama ardhini mpaka ikabaki alama. Leodgar alichukua kibuyu akateremka tena mwenyewe, bila kutumwa, na aliporudi mama aliyamimina yale maji kwenye chungu, akakifunika, akaweka jiwe juu ya kifuniko kama alivyofanya siku zote ili kuku wasiingize midomo. Watu wakikisikia kisa hiki husema ndiyo maana mzee alikuwa vile. Mimi sijui. Watoto wote wa Heru Juu walivunja mitungi, na wengi wao leo wanaacha koki wazi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1963 na kumaliza la saba mwaka 1969. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wake, lakini nafasi ya sekondari haikupatikana. Mwaka 1970 baba alipata kazi ya kupakua mizigo bandarini Kigoma, tukahamia mjini sote. Kuanzia 1972 hadi 1974 marehemu alisomea ufundi bomba katika chuo kidogo cha kanisa. Wenzake walikimbilia useremala. Baba alipomuuliza kwa nini yeye amechagua mabomba, alijibu kwamba seremala akikosea unaona hapohapo, lakini bomba likikosewa linavuja chini kwa chini na hakuna anayejua. Baba alitikisa kichwa akaenda zake kazini.

Tarehe 3 Machi 1975 aliajiriwa katika idara ya maji kama kibarua wa kuchimba mitaro, akapanda mpaka akawa fundi. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na tisa. Alilaza mabomba Gungu, Mwanga, Ujiji na hadi Ilagala, ambako alikaa miezi minne akarudi mweusi kama mkaa. Wengi wenu mnamkumbuka na ile nondo yake, fupi kidogo kuliko fimbo ya kuchungia. Aliisimamisha juu ya bomba lililofukiwa, akaweka sikio kwenye ncha ya juu, akafumba macho. Alisema maji yanayopita vizuri yananong'ona na yanayovuja yanakoroma. Alikuwa anajua panapovuja kabla ardhi haijalowa. Alipostaafu, Agosti 2014, wenzake walimpa saa ya ukutani. Alishukuru, kisha akauliza kama anaweza kuondoka na nondo pia, nao wakamwachia.

Tarehe 26 Septemba 1981 marehemu alifunga ndoa na Regina, binti kutoka Mwandiga. Walijaliwa watoto wawili, Adolf na msichana aliyeishi siku tisa. Leodgar hakuwa msemaji. Regina aliongea kwa niaba ya wote wawili, alicheka kwa niaba ya wote wawili, na ukienda kwao ulimkuta mzee amekaa tu pembeni anafurahia. Tarehe 11 Mei 2011 Regina alitutoka, na nyumba ile ikanyamaza. Mimi, nikiwa mjane tangu zamani, nilianza kumpelekea chakula kila Jumapili baada ya misa: ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwa letu, uliopikwa kwa mawese. Tulikula pamoja bila maneno mengi. Akiniita aliniita Mushiki, Kiha chetu cha mwanaume kwa dada yake. Hakuna mwingine duniani aliyeniita hivyo, wala aliyekuwa na haki ya kuniita hivyo.

Kwa wageni mliotoka mbali, lazima nieleze mtaa wetu, la sivyo hamtaelewa kilichofuata. Mnarani iko mteremkoni. Ukisimama mlangoni kwa mtu yeyote unaliona ziwa lote mpaka milima ya Kongo, na kwenye bomba hakuna kitu. Maji yanakuja kwa mgao, Jumanne na Jumamosi, na saa ya kuja hakuna anayeijua. Basi tunafanya hivi: kabla mtu hajatoka nyumbani siku ya mgao, anafungua koki yote na kutega ndoo ya bati chini yake, ili maji yakifika ndoo ilie na aliye karibu asikie. Hiyo ndiyo kengele yetu. Shida ni kwamba mwenye ndoo kaenda sokoni, jirani naye kaenda sokoni, ndoo inalia peke yake mpaka inajaa, na maji yanateremka barabarani kurudi ziwani yalikotoka. Nyumba za chini ndizo zinazopata kwanza. Za chini zikiachwa wazi, kule juu kabisa kwa jirani yetu Dorotea halifiki hata tone.

Oktoba 2014 mkutano wa mtaa ulimchagua marehemu kuwa katibu wa kamati ya maji. Siku hiyohiyo tulipitisha kanuni: nyumba itakayokutwa inamwaga maji na mwenyewe hayupo itaonywa mara ya kwanza, na ikirudia itaripotiwa kwa kamati na kukatiwa maji wiki mbili. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kwenda juu. Nadhani kila mmoja wetu pale alikuwa anamfikiria jirani yake.

Tangu siku hiyo, kila Jumanne na kila Jumamosi, marehemu alianzia nyumba ya chini kabisa akapanda mpaka ya juu. Alipiga hodi, asipojibiwa aliingia uani, akafunga koki, akaacha karatasi ya onyo chini ya mlango kwa ule mwandiko wake mzuri. Wa mara ya pili aliwaandika, na hakuchagua. Alimwandika mwenyekiti wetu, Mzee Marcel, ambaye yuko hapa na hatakataa. Alimwandika katekista. Mkampa jina, Mzee Koki. Mwanzoni lilikuwa la utani, baadaye likawa la kumkwepa. Akitokea kwenye kona, mazungumzo yalikatika. Kwenye harusi alipewa kiti, na viti vya jirani vikabaki vitupu. Nasema "mkampa" kana kwamba mimi sikuwepo. Nilikuwepo.

Sasa nafika mahali ambapo Adolf aliniambia naweza kuparuka. Siparuki.

Jumanne tarehe 7 Juni 2016 nilikwenda Mwandiga kununua mawese, kama niendavyo kila Jumanne na Jumamosi, maana hiyo ndiyo biashara yangu. Safari ile nilikuwa na haraka zaidi, kwa sababu sendofu ya binti yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilikuwa imebaki siku kumi na moja. Niliacha koki wazi na ndoo imetegwa. Maji yalifika saa tatu asubuhi. Nilirudi saa tisa. Uani kwangu palikuwa pametulia, koki imefungwa, na kaka yangu amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa ananisubiri. Aliniambia maji yametoka kwangu zaidi ya saa nne kabla yeye hajanifikia, kwa sababu alianza na bomba lililopasuka kule chini, na kwamba juu hakuna aliyepata. Dorotea alikuwa na binti aliyejifungua juzi yake, na nguo za kichanga zilikuwa zimeloweka hazina maji ya kusuuzia.

Onyo la kwanza nilikuwa nimeshalipata mwezi wa tatu. Nilimwomba asiniandike. Nilimkumbusha sendofu, nikamkumbusha mama, nikamkumbusha Jumapili zote zile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mushiki, nikikuruka wewe, nitamwandika nani?" Akaniandika.

Kamati ilinikatia maji wiki mbili. Sendofu ikaangukia katikati. Wakwe wakaja kutoka Tabora wamevaa wakapendeza, na mimi nawanawisha mikono kwa maji ya ziwa yaliyoletwa na bodaboda kwenye madumu, yana harufu ya dagaa. Mama mkwe alinusa vidole vyake. Alifikiri sikumwona. Nilikosa pa kuuweka uso. Kesho yake, mbele ya kanisa, watu wakiwa wanatoka misa, nilimwambia kaka yangu kwamba kuanzia siku ile sina kaka. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei, akateremka njia yake. Jumapili hiyo hakula kwangu, wala nyingine yoyote baada ya hapo. Alianza kula kwa mama ntilie wa stendi, mezani peke yake, na nilikuwa nikimwona nikipita.

Miaka minane na miezi minane. Nimehesabu juzi, kabla ya hapo sikuwahi. Tuliishi umbali wa nyumba tano tu. Kanisani nilihama upande. Krismasi nilipikia majirani wote, chakula kikampita yeye tu. Nilikuwa nasubiri aje aombe radhi. Yeye, kwa jinsi nilivyomjua, hakuona la kuombea radhi, kwa sababu maji yalimwagika kweli.

Kuna jambo moja ambalo nimelijua wiki hii tu, hapo msibani, kwa kuambiwa na Mzee Marcel. Jumanne tarehe 12 Machi 2019 marehemu alishikwa na malaria akalala mchana, na koki yake mwenyewe ilikuwa wazi. Hakungoja onyo. Alijiandika. Mzee Marcel akamwambia, "Mzee, futa hiyo, ulikuwa mgonjwa." Marehemu akamjibu, "Ya dada yangu sikuifuta. Yangu naifutaje?" Akaifunga koki yake wiki mbili.

Mimi nilichokiona wakati ule ni mzee wa miaka sitini na minne anayeshuka ufukweni Kibirizi kila asubuhi na kupanda na dumu la lita ishirini begani. Sikujua kwa nini, wala sikuuliza. Alipita mbele ya baraza langu, na pale kwenye kona alitua dumu ili apumue. Kulikuwa na hatua kumi kati yetu. Nilikuwa nachambua dagaa, na nyuma yangu pipa limejaa maji mpaka shingoni. Sikuinua uso. Asubuhi kumi na nne alitua dumu pale, na asubuhi zote kumi na nne sikuinua uso. Mungu anisamehe, maana mimi mwenyewe bado sijajisamehe.

Mwaka 2023 moyo wa marehemu ulianza kumsumbua. Miguu ilivimba, mteremko ukawa mgumu. Adolf alimchukua Mbeya. Alikaa wiki tatu akarudi. Alimwambia Dorotea kwamba kule maji yanatoka siku zote na hana la kufanya. Aliendelea na mzunguko wake, akikaa kwenye kila jiwe la njiani. Kazi ya nusu saa ikawa ya asubuhi nzima.

Jumapili tarehe 2 Februari mwaka huu Dorotea alimkuta amekaa kitandani anatafuta pumzi. Alimkodia bajaji mpaka hospitali. Madaktari walisema moyo umechoka na mapafu yameingia maji. Dorotea anasema marehemu alimshauri daktari atafute kwanza panapovuja, asikimbilie kukausha. Mtu mgonjwa vile. Mimi sikuwa na habari, kwa sababu watu walishazoea kutonitajia jina lake.

Jumanne tarehe 4 nilirudi kutoka Mwandiga na kukuta uani kwangu ni ziwa. Maji yamejaa mpaka kizingitini, mkaa unaelea, majamvi ya dagaa yamebebwa mpaka barabarani. Koki inamwaga kwa nguvu zote. Nilimfuata mpangaji wangu, Dainess, mwalimu kutoka Mbozi anayekaa chumba cha nyuma, nikamwuliza kwa nini leo hakufunga. Maana miaka yote hiyo, kila niliporudi Jumanne na Jumamosi, nilikuta koki imefungwa, ndoo imejaa, imefunikwa, na jiwe juu ya kifuniko. Nilikuwa namshukuru Dainess kimoyomoyo. Mwaka juzi nilimpa na kitenge.

Dainess akanitazama. "Mama, mimi asubuhi niko shuleni. Sijawahi kuifunga koki ile hata siku moja. Nilidhani ni wewe unamtuma mtu. Na kitenge nilidhani ni cha Krismasi."

Tulibaki tumesimama ndani ya maji. Wakati huohuo Dorotea akatokea kule juu na ndoo tupu mkononi, akaangalia uani kwangu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni kwa kuwa Leodgar amelazwa tangu Jumapili. Hukujua?"

Kumbe alikuwa anakuja. Alijua siku zangu za Mwandiga. Alisubiri niondoke, akaingia uani kwa mtu aliyemkana mbele ya kanisa, akafunga, akafunika, akaweka jiwe, akatoka. Karatasi ya onyo hakuiacha, maana angeiacha ningejua ni yeye na ningemfukuza. Na wala kanuni hakuivunja, kwa sababu aliwahi kabla ndoo haijafurika. Dorotea anasema miaka yote hiyo marehemu alianzia nyumba yangu, kisha ndiyo anateremka chini kuanza mzunguko wake. Jiwe lile nililiondoa kwa mkono wangu mara mbili kila wiki kwa miaka minane. Mama aliliweka mbele ya macho yangu utoto wangu wote. Sikulitambua.

Mngedhani nilikimbia hospitali siku ileile. Sikukimbia. Nilisema kesho. Jumatano nikasema bado nakausha vitu. Alhamisi nikasema nitapika kwanza kitu kizuri. Ukweli ni kwamba niliona haya, na sikujua mtu anaanzaje kuongea baada ya miaka minane. Nilifanya mazoezi ya maneno jikoni kwangu, na kila neno nililolichukua niliona limechelewa.

Jumamosi tarehe 8 asubuhi Dorotea alipita akaniambia hali imebadilika. Nilikuwa nimeshapika. Nilifunga ugali na mgebuka kwenye hotipoti, nikavaa, nikatoka mbio. Nilimkuta kitanda cha dirishani, amewekewa mito mitatu mgongoni, na amekuwa mdogo. Dirisha lile linatazama ziwa. Kiti cha mgeni kilikuwa hakina alama ya kukaliwa.

Nikasema, "Shikamoo, kaka." Maneno yote ya jikoni yalinitoka, likabaki hilo tu.

"Marahaba, Mushiki." Akapumua muda mrefu. "Leo Jumamosi."

"Najua."

"Umefunga koki?"

Majirani zangu, mimi nilikuwa nimetoka mbio. Koki ilikuwa wazi na ndoo imetegwa, kama kawaida. Nilimtazama kaka yangu usoni, nikasema, "Nimefunga."

"Haya," akasema, akafumba macho, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Alikula matonge mawili ya ugali wangu. Nilitaka kumwambia nisamehe. Nilitaka kumwuliza kuhusu jiwe. Muuguzi akaja akasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha, nami nikasema moyoni, kesho, baada ya misa, ni Jumapili, nitampelekea chakula kama zamani. Niliporudi nyumbani maji yalikuwa yanateremka barabarani kuanzia mlangoni kwangu. Dorotea hakupata kitu siku hiyo pia, wala hakunisema.

Marehemu Leodgar alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miezi mitano. Hakuwa na ndugu pembeni yake. Mimi nilikuwa kanisani, upande wangu ule niliohamia, na hotipoti miguuni. Niliifikisha wodini saa sita na nusu. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Tangu jana watu wanakuja msibani kwa wingi ambao sikuutegemea. Kila mtu ana neno zuri. Mmoja anasema mzee alimwokolea ukuta, mwingine anasema alimfundisha kubadili mpira wa koki. Nimekaa kwenye mkeka nasikiliza na nimechukia kidogo, niseme ukweli. Mlikuwa wapi? Halafu najikumbusha kwamba swali hilo lina nyumba yake ya kuanzia, na nyumba hiyo ni yangu. Alikuwa mtu mpweke, na upweke wake hakuuchagua. Tulimchagulia sisi kwa kumpa kazi ambayo hakuna aliyeitaka, kisha tukamchukia kwa kuifanya.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Adolf, mkwe mmoja, Révérienne, wajukuu wawili, Lyse na Ella, na dada mmoja. Ameacha pia nondo yake. Adolf alitaka tuizike naye. Nimekataa, kwa sababu nimeiombea kazi. Mzee Marcel ameshakubali kwamba kwa sasa nishike nafasi ya katibu wa kamati mpaka mkutano ukae. Sijui kusikiliza bomba, nimejaribu jana nikasikia moyo wangu tu. Nitajifunza. Mnaotaka kunipa jina, nipeni mapema.

Neno la mwisho. Haya ya juu niliyaandika jana, Jumatatu; haya ya mwisho nimeyaongeza kwa kalamu leo, Jumanne, na maziko ni saa nane mchana. Ni siku ya maji. Mtaa mzima mko hapa makaburini, na nawajua, mimi ni mmoja wenu: mmetoka mkiwa mmetega ndoo. Kwa hiyo kama asubuhi mliniona nimechelewa kufika kanisani, mkasema dada wa marehemu hata leo hana haraka naye, sasa mjue nilikuwa wapi. Niliteremka mpaka nyumba ya chini kabisa, nikapanda mpaka kwa Dorotea. Mkirudi mkakuta koki imefungwa, ndoo imefunikwa na jiwe juu, msiulizane ni nani. Leo sijamwandika mtu. Jumamosi nitaandika, na sitaruka nyumba.

Kaka Leodgar, mara ya mwisho uliponiuliza nilikudanganya, na ukaniamini, na hiyo ndiyo inayoniuma kuliko miaka yote minane. Leo nimeanza na ya kwangu. Nimeikaza kwa mikono miwili, nikasimama pale nikaingoja kama inadondosha, haikudondosha. Nimefunga, Leodgar. Sasa pumzika kwa amani.